Baraza Lilipofungwa, Watu Walikuja Saiba

Korona ilipoingia Kenya tulifungiwa shule, kanisa, msikiti na baa, na kila mtu anakumbuka alichokikosa zaidi. Sijamsikia mtu akililia baraza la chifu. Wala sishangai. Baraza ni kusimama juani, chifu anachelewa, mzee mmoja anaomba dakika mbili anachukua nusu saa, na mwishowe mnaambiwa mkapande miti. Lakini msimamo wangu ni huu, na miaka haijaubadilisha: katika yote yaliyoharibu mawasiliano kati ya serikali na wananchi wakati ule, uvumi ukiwemo, Kiingereza cha barua kikiwemo, hakuna lililotuumiza kama kufungwa kwa baraza. Pale ndipo mtu asiye na cheo husikia tangazo na papo hapo akainua mkono: "Na sisi wa upande huu je?"

Matangazo hayakusimama, tena yaliongezeka. Maswali nayo hayakufa. Mengi yalihamia kwangu.

Nina saiba, yaani duka la intaneti, Kaptembwo, magharibi mwa mji wa Nakuru. Chumba kimoja, kompyuta chache, printa yenye hasira zake, kidirisha cha M-Pesa na benchi ya mbao nje. Kazi za saiba ya mtaani zinajulikana: kodi za KRA, mikopo ya wanafunzi ya HELB, cheti cha tabia njema, picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe, programu ya mazishi yenye picha ya marehemu akiwa kijana. Mwaka 2020 kazi nyingi kati ya hizo zilikauka. Watu waliendelea kuja hata hivyo. Walikaa kwenye benchi, wakateremsha barakoa hadi kidevuni ndipo waongee, na kuniuliza mambo ambayo sina mamlaka nayo. Machoni pa mtaa, mwenye intaneti anajua anachokijua gavana.

Nianze na chai, maana nadhani ndiyo iliyonifungua macho.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27. Katika wiki hizo za hofu, usiku mmoja simu yangu ililia na alikuwa senje wangu, dada ya marehemu baba, anayekaa karibu na Chavakali kule Vihiga. Senje hapigi simu usiku ila kuna msiba. Akaniambia niamshe watoto, nichemshe chai ya rangi, isiwe na sukari wala maziwa, wote wanywe kabla jua halijachomoza, korona isitupate. Kuna mtoto aliyezaliwa mahali fulani, akasema maneno hayo, kisha akafa. Nikamuuliza vipi kuhusu mwenye vidonda vya tumbo. Akasema anywe nusu kikombe. Na mtoto anayenyonya? Mama anywe kwa niaba yake.

Asubuhi nilifungua saiba nikakuta benchi nzima imekunywa chai. Jirani yangu wa duka la dawa za mifugo aliamshwa na mama yake kutoka Nyandarua. Kijana wa boda aliamshwa na kaka yake aliye Kisii. Magazeti baadaye yaliandika kwamba sehemu nyingi za nchi ziliamka usiku huo. Hakuna ofisi iliyotoa bajeti, hakuna aliyechapisha bango, na ujumbe ukapita nchi kabla ya jogoo kuwika.

Wengi waliicheka habari hiyo, wakasema Wakenya ni washirikina. Mimi niliiona tofauti. Ujumbe ule ulikuja kutoka kwa mtu ninayemjua, kwa lugha niliyolelewa nayo, ukaniambia nifanye kitu ambacho vifaa vyake viko jikoni mwangu, na saa ya kukifanya. Zaidi ya yote, nilipouliza nilijibiwa. Majibu yote yalikuwa ya uongo, lakini yalikuwepo. Serikali ilikuwa na ukweli: osha mikono kwa sabuni, kaa mbali na mwenzako, vaa barakoa. Haikuwa na senje.

Basi tuje kwenye barua.

Nitaeleza moja tu, na ofisi iliyoitoa sitaitaja, maana sijui aliyeiandika alikuwa katika hali gani siku hiyo. Ilinijia kupitia vikundi vya WhatsApp kama picha. Mtu alikuwa ameilaza karatasi mezani na kuipiga kwa simu, kidole gumba chake kimefunika kona ya chini kushoto. Juu kuna nembo, nambari ya kumbukumbu, kisha anwani ndefu. Aya ya kwanza ilitaja sheria iliyompa mwandishi nguvu za kuandika. Aya ya pili ilirejelea mkutano wa kamati. Aya ya tatu iliwashukuru wadau. Kwamba soko litafungwa ilikuwa aya ya nne, kwa Kiingereza, na tarehe ya kufunga ilikuwa mstari wa mwisho wa aya hiyo, chini kushoto, chini ya kidole.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja anayeuza viazi. Magunia yake yalikuwa yameshapakiwa kwenye lori Molo. Hakutaka kujua sheria gani wala kamati gani. "Mama, nisomee tu hapo pa siku. Ni kesho ama ni Alhamisi?" Nikaikuza ile picha mpaka herufi zikawa vumbi. Nikapiga nambari iliyokuwa kwenye kichwa cha barua. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa na shughuli. Yeye akampigia mwenye lori amwambie asubiri. Mwenye lori akasema kusubiri ni pesa, na pesa hiyo alilipa yule mama, si aliyeandika barua.

Tangu siku hiyo nilianza kubandika karatasi ya manila kwenye mlango. Marka peni nyeusi, Kiswahili cha kawaida, maneno machache: kitu gani kimefungwa, wapi, kuanzia lini, mpaka lini, uliza nani. Niliandika tu lile nililolihakikisha. Mistari minne ya kwanza niliweza kuijaza siku nyingi, ingawa kwa kazi. Ule wa tano ulinishinda mara nyingi. Ilikuwepo nambari ya bure ya 719 iliyotangazwa nchi nzima, nayo ilikuwa ya kuulizia ugonjwa, na kwa hilo naisifu. Ila muuza viazi hakuwa mgonjwa.

Halafu kuna gari la kipaza sauti. Sijui ni nani alifikiria kwamba gari hilo likisimama ni makosa. Lilipita barabara yetu saa tano asubuhi, watu wa vibarua wameshaondoka, likiwa na kasi ya kawaida ya gari linalotaka kumaliza mafuta liliyopewa. Nyumba ya kwanza ilisikia, "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba." Saiba ilisikia, "ni marufuku kabisa." Waliokaa mbele zaidi, karibu na kona, walisikia, "asanteni kwa ushirikiano wenu." Jioni tulikaa tukijaribu kuunganisha vipande. Mtu mmoja aliapa kwamba yaliyopigwa marufuku ni maji ya mitungi. Ilikuwa mikutano.

Watu wa nje ya nchi, au hata wa Nairobi, wanaweza kudhani tatizo lilikuwa uzembe tu. Uzembe ulikuwepo, lakini kuna jambo la muundo ambalo sidhani lilizungumzwa vya kutosha. Mtaani kwetu serikali ina midomo miwili. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali ya kitaifa, wanapanda hadi kwa kamishna wa kaunti na Wizara ya Usalama wa Ndani. Msimamizi wa wadi yuko chini ya gavana. Utaratibu huo tunao tangu 2013, ugatuzi ulipoanza kufanya kazi chini ya Katiba ya 2010, na siku za kawaida hautusumbui sana, maana mambo yao hayakutani. Korona iliyakutanisha yote siku moja. Kafyu ilikuwa ya serikali ya kitaifa. Soko ni la kaunti. Hospitali ni ya kaunti lakini ugonjwa ulitangazwa kila siku na waziri. Polisi wa kukukamata kwa kukosa barakoa si wa gavana. Ukimuuliza chifu kama soko litafunguliwa, anakwambia hilo ni la kaunti. Ukienda kwa msimamizi wa wadi, anasubiri mwongozo kutoka juu. Wote wawili wanasema kweli. Nawe unarudi nyumbani mikono mitupu. Kwenye baraza, angalau, ungewakuta wameketi meza moja, na mzee mmoja mkaidi angewauliza wote wawili mbele ya watu, na mmoja wao angelazimika kujibu.

Mzee wetu wa mtaa alijaribu kuwa baraza peke yake. Simtaji jina kwa sababu hakuniruhusu. Alikuwa na daftari la shule la kurasa tisini na sita, nusu ya mbele ameandika MASWALI na nusu ya nyuma MAJIBU, kwa kalamu nyekundu. Alizunguka ploti kwa ploti, anasimama langoni bila kuingia, anaandika. Kisha anakuja kwangu nitafute kwenye simu, au anaenda kwa chifu, au anampigia diwani kwa salio lake mwenyewe. Alikuwa akiniambia, "Binti yangu, hili nalo litafute, huyu mama ameniuliza mara mbili na namwonea aibu kupita kwake." Majibu yalikuwa machache kuliko maswali, lakini kurasa za nyuma zilijaa kiasi. Hakulipwa na mtu yeyote. Naona mtu huyu alifanya kazi ya idara nzima.

Na bado serikali ilimharibia. Wazee wa mtaa, kupitia mpango wa usalama wa Nyumba Kumi, walikuwa wameambiwa waripoti wageni wanaotoka Nairobi na Mombasa, ambako hakukuruhusiwa kutoka wala kuingia tangu mwanzoni mwa Aprili. Waripoti pia mabaa yanayouza kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mdomo uleule uliokuja langoni kukueleza kanuni ndio uliokwenda kukushtaki ukizivunja. Ndani ya muda mfupi watu walianza kumficha mambo. Mama aliye na kijana aliyeingia usiku kutoka Nairobi akiwa na kikohozi, swali lake la kweli ni nimpeleke wapi, lakini hawezi kuliuliza langoni, kwa sababu hajui kama litaandikwa kwenye ukurasa wa maswali au litaenda kituo cha polisi.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Aprili 2020 waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walikuwa wakipelekwa karantini. Hebu fikiria hilo. Asubuhi unaambiwa karantini ni mahali pa kukulinda wewe na jamaa zako, jioni unaonyeshwa kwamba ni adhabu. Tena walioko karantini walitakiwa kulipia, mpaka Mei serikali ilipotangaza kwamba itagharamia yenyewe. Wakati huo maneno yalikuwa yameshakaa vichwani. Nilibandika manila kwamba sasa ni bure. Watu waliisoma kwa heshima, kama wanavyosoma tangazo la kampuni ya simu kwamba umeshinda gari.

Mwaka uliofuata zamu ikawa yetu. Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021 Rais alisoma hotuba, akataja Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kuwa eneo moja la maambukizi. Hakuna kuingia wala kutoka. Kafyu kwetu ikarudishwa nyuma hadi saa mbili usiku. Hotuba ilikuwa ndefu na iliyopangika, na majina matano ya kaunti yalisikika vizuri mno. Kilichokosekana ni kujua kaunti inaishia wapi.

Mtu wa mjini anaweza kucheka. Mpaka wa kaunti si ukuta. Chukua Kampi ya Moto na Mogotio, zilizo kwenye barabara ileile ya kuelekea Marigat, mwendo mfupi wa matatu. Kampi ya Moto ni Nakuru. Mogotio ni Baringo. Watu wa pande hizo hununua, hutibiwa, huoa na husali bila kuuliza wako kaunti gani. Au Dundori, upande wa pili wa mji, ambapo ukipanda kidogo unaingia Nyandarua na maziwa, kabichi na wakwe vinashuka na kupanda kila siku. Nyandarua haikuwa ndani ya eneo lile. Asubuhi ya Jumamosi benchi yangu ilijaa watu wa maswali ya aina hiyo. Mmoja ana kliniki ya sukari ng'ambo. Mwingine ana ng'ombe upande huu na kiwanda cha maziwa upande ule. Mwalimu mmoja alitaka kujua kama mtu anayelala Baringo na kufundisha Nakuru anahesabiwa wa wapi.

Nilitafuta ramani. Sikutaka kitu kikubwa, mchoro tu wenye barabara na mahali polisi watasimama, na nyuma yake orodha ya karatasi utakazoulizwa. Sikuupata. Vizuizi vilijulikana kwa njia ileile ambayo vizuizi hujulikana siku zote: makanga anarudi, anatema mate, anasema wako pale kwenye mti. Madereva wa matatu, ambao zamani walishaamriwa wabebe abiria wanane badala ya kumi na wanne na wakaongeza nauli, ndio waliokuwa idara ya habari. Ukitaka kujua kama unaweza kupita, unauliza steji, na steji inakuuzia jibu pamoja na tiketi.

Jambo lililoniuma zaidi katika Aprili hiyo ni la jirani aliyefiwa na mama yake Kakamega. Mazishi yaliruhusiwa kama sababu ya kusafiri, hilo lilijulikana. Lakini kwa karatasi gani? Ofisi ya kwanza ilisema barua ya chifu inatosha. Ya pili ikasema lazima kuwe na kibali cha mazishi kutoka kule kule anakokwenda, kwa hiyo atumiwe picha. Ya tatu ikataka majina ya wote watakaosafiri na nambari zao za vitambulisho kwenye karatasi moja, zimepigwa chapa, si kwa mkono. Kila mara alirudi kwangu na nikaandika upya. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinisomea nambari za vitambulisho vya wanawe, na katikati ya nambari moja alinyamaza akasema, "Mama yangu hakuwahi hata kupanda ndege, na mimi nahitaji pasipoti kwenda kumzika." Sikumtoza pesa. Alifika siku ya maziko, jeneza limeshateremshwa.

Amri ile iliondolewa Mei mosi. Nikadhani tumemaliza. Haikuchukua muda, Juni ikageukia nyumbani kwetu, kule magharibi.

Hapa naomba niseme kuhusu Kisumu, ingawa sikuwa huko. Aina ya virusi iliyopewa jina la Delta ilikuwa imeshaonekana Kisumu mwezi wa Mei. Tarehe 1 Juni Madaraka ikasherehekewa kitaifa kwenye uwanja mpya wa Mamboleo. Tarehe 18 mwezi huohuo Kagwe akatangaza kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi kuwa eneo la hatari: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga na Trans Nzoia. Kafyu kuanzia saa moja jioni. Sisemi sherehe ndiyo iliyoleta ugonjwa, mimi si daktari. Nasema kwamba mtu aliyeona helikopta, gwaride na umati, kisha wiki mbili na nusu baadaye akaambiwa yeye ndiye asikusanyike, hasikii ushauri wa afya tena. Anasikia dharau. Hata mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo. Wanasiasa walihutubia umati hadi Novemba 2020, Rais alipoisimamisha mikutano yao kwa siku 60, huku baraza la watu kumi na watano chini ya mti likiwa hatia.

Safari hii hatukukatazwa kwenda nyumbani. Tuliambiwa kwamba usafiri wa kuingia na kutoka katika kaunti hizo haushauriwi hata kidogo, isipokuwa wa dharura na huduma muhimu. Ukilisoma kwa utulivu unaelewa kwamba si marufuku. Ukilisoma ukiwa kwenye matatu ya Kakamega, umekaribia Mau Summit, na kule mbele Kericho imo kwenye orodha, unataka mtu akwambie ndiyo au hapana. Niliandika kwenye manila: SI MARUFUKU, LAKINI USIENDE KAMA SI LAZIMA. Mteja mmoja akaisoma, akasema, "Hata nyinyi mmeanza kuongea kama wao."

Mazishi yalipewa saa 72. Hapo senje akapiga simu tena, mchana safari hii. Watu wa kwetu hawaziki haraka. Kuna wa kungojewa kutoka Mombasa, kuna mahari ya kusuluhishwa, kuna ng'ombe. Na hofu ilikuwa na mizizi: Aprili ya mwaka uliotangulia mtu mmoja alizikwa kule Siaya usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, video ikazunguka nchi nzima. Hakuna bango la afya lililowahi kuonekana na watu wengi kiasi hicho vijijini kwetu, na lile liliwaambia watu kwamba ukipatikana na ugonjwa huu utafukiwa kama mbwa. Hakuna aliyewaeleza wenyeji kabla wala baada kwa nini ilifanywa vile. Kwa hiyo senje aliposikia saa 72, swali lake lilikuwa makini sana: zinahesabiwa kuanzia mtu anapokata roho, au kuanzia hospitali inapoandika, au kuanzia ukoo unapoketi?

Sikujua. Nikamwambia apige redio.

Nilisema kwa mzaha, lakini alipiga. Stesheni moja ya Kiluhya ilikuwa na afisa wa afya studioni asubuhi moja ya wiki hiyo. Senje alipatikana hewani, akamsalimu mtangazaji kwa mila zote, akauliza mumewe hajambo, kisha akauliza lake. Mtangazaji hakumwacha afisa azunguke. Alilirudia swali kwa lugha ya mama, polepole, akanyamaza. Afisa akasema kuanzia kifo kinapothibitishwa. Basi. Sekunde chache. Senje akashukuru, na mpaka jioni nusu ya Chavakali ilikuwa inajua, kwa njia ileile iliyowapelekea chai.

Ndiyo maana mimi, nikiulizwa ni chombo gani kilifanya kazi, nasema redio ya simu. Redio ya kusoma taarifa ni kipaza sauti kingine tu kisicho na magurudumu. Nasema ile ambayo mtu wa serikali anaketi, laini zinafunguliwa, na mtangazaji anayejua watu wake anakataa jibu lisilo jibu. Maafisa waliokwenda huko walitoka jasho, na walitufaa. Sijui kwa nini haikuwa kila siku, kwa kila lugha ya kaunti, kwa muda uleule. Waziri aliweza kusimama mbele ya kamera karibu kila alasiri kutusomea idadi ya wagonjwa kwa kaunti. Idadi zilitutisha na kutuburudisha kwa pamoja, tulizisubiri kama matokeo ya mpira, lakini hakuna aliyewahi kupata humo siku ya soko.

Wala si kwamba sheria inakosekana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inaitaka kaunti iwe na njia za kuwasiliana na umma zinazowafikia watu wengi zaidi, na inazitaja: televisheni, vituo vya teknolojia, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara, na njia za jadi. Nimeisoma nikiwa saibani siku isiyo na wateja. Katika orodha hiyo yote, wakati wa korona kaunti nyingi zilishika tovuti na Facebook, kwa sababu ndizo unazoweza kuzifanya ukiwa ofisini umefunga mlango. Na kuna maoni chini ya kurasa hizo, najua, watu huuliza pale. Nimepitia maoni ya matangazo kadhaa ya siku zile. Maswali ni mengi, mazuri, yenye adabu. Yanajibiwa na wananchi wenzao, au na watu wanaouza dawa ya nguvu za kiume.

Septemba 2023, kafyu ikiwa imekwisha karibu miaka miwili nyuma, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchi nzima na kupewa mkoba wa vifaa, marupurupu kidogo ya mwezi, na simu. Nilifurahi kwa dhati. Mhudumu wa upande wetu ni mama ninayemjua vizuri. Wakati wa korona alizunguka kwa miguu bila hata glavu. Anakuja na ile simu, anauliza tuko wangapi ndani, kuna mtoto mwenye homa, choo kiko wapi, anabonyeza, habari zinapanda juu. Juzi nilimpa kiti nikamuuliza, mama, tuseme kesho wanatufungia tena, na mimi nataka kujua kama soko liko wazi Alhamisi. Hiyo simu itakuletea nini?

Akaitazama kidogo. "Itaniletea fomu mpya."